Elevata ya faibaglasi kwa ndege ya kujijengea: jinsi ya kuiweka nyepesi nyuma ya bawaba

Watu wengi wanaojenga ndege nyumbani huwa wanaambiwa waanze na mkia, na ni ushauri mzuri kwa kweli, vipande ni vidogo, vinaenea mezani, na kipande kikikataa unakitupa unaanza kingine bila kumaliza hela ya ndege nzima. Shida ni kwamba mtu anaishia kuona mkia ni wa kujifunzia tu, afu umakini wote anautunza kwa ajili ya mabawa. Hapana jamani. Elevata, kile kipande cha nyuma cha mkia kinachosogea juu na chini, ndo inayoamua pua inapanda au inashuka, na ikianza kutikisika kwenye spidi kubwa unaweza kupoteza mkia mzima ndani ya sekunde chache. So nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuijenga kwa povu, mbao na faibaglasi, na utaona kila mahali narudi palepale, kwenye gramu zinazokaa nyuma ya bawaba.

Kwanza uelewe kwa nini. Elevata imeshikwa na bawaba upande wa mbele, sehemu yake kubwa iko nyuma ya hiyo bawaba. Upepo ukiurusha mkia juu ghafla, ule uzito wa nyuma unachelewa kufuata, elevata inajikuta imeinama chini, na elevata ikiinama chini inaongeza nguvu ya kuinua mkia, mkia unazidi kupanda, afu ukirudi chini yanatokea yaleyale kinyume chake. Kwenye spidi ndogo hewa inautuliza huo mtikisiko, ila ukipita spidi fulani kila mzunguko unaongeza nguvu badala ya kupunguza. Hiyo ndo flata. Dawa zake ni tatu na zinaenda pamoja: risasi (ile metali nzito) ya kusawazisha mbele ya bawaba, ngozi ngumu isiyojipinda, na bawaba na nyaya zisizo na mchezo, yaani kulegea, hata kidogo.

Sasa piga hesabu hii uone rezini, ile gundi ya majimaji inayolowesha kitambaa cha kioo, inavyouma. Chukua nusu moja ya elevata, urefu mita 1.2, upana sm 35, maana yake pande zote mbili za ngozi ni kama mita za mraba 0.84. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka moja, ni gramu 168. Ukifanya kazi safi rezini itakuwa uzito sawa na kitambaa, gramu 168 nyingine. Ukizembea ukaacha rezini ifike mara moja na nusu ya kitambaa, umeongeza gramu 84. Tuseme hizo gramu 84 kwa wastani zimekaa sm 15 nyuma ya bawaba na risasi yako unaweza kuiweka sm 8 tu mbele yake, basi unahitaji gramu 157 za risasi kuzifuta. Yaani rezini ambayo haikusaidii chochote imegeuka karibu robo kilo kwenye nusu moja, nusu kilo kwa nusu zote mbili, na yote iko mwisho kabisa wa mkia ambako inakuvutia ndege nyuma. Rezini ya ziada haileti nguvu, nguvu iko kwenye nyuzi za kioo.

Mfano ninaoutumia ni mtindo wa KR-2, ile ndege ndogo ya viti viwili ya Ken Rand wa California, ya miaka ya 1970, ambayo ndani ni spaa (boriti kuu) za mbao ya sprusi, katikati povu, juu faibaglasi. Mtindo wa mbunifu Burt Rutan kwenye ndege yake ya Long-EZ unafanana kwa mambo mengi ya ngozi. Ila plani ya ndege yako, yaani michoro ya kujengea, ndo inayoamua idadi ya tabaka, aina ya kitambaa, mwelekeo wa nyuzi na kiasi cha risasi. Hapa naeleza kazi ya mikono, usinichukulie mimi kama plani.

Na kabla hujanunua hata kopo moja ongea na mamlaka ya anga ya ulipo. Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA. Marekani FAA wanataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na wajenzi wenyewe, ndo ile watu wanaita asilimia 51, so picha na daftari la ujenzi ni muhimu kutoka siku ya kwanza. Uingereza LAA, chama cha ndege nyepesi, wana mkaguzi anayekuja kuangalia kabla hujafunga sehemu ambayo baadaye haitaonekana. Hata kama sheria ya kwako hailazimishi, tafuta jicho la pili kabla ya kufunga.

Material. Povu liko la aina kadhaa na usichanganye. Polistirini ile ya bluu inakatwa na waya wa moto, inatoka safi kabisa. Poliyurethani usiiguse na waya wa moto hata kwa kujaribu, moshi wake una sumu ya sianidi, hiyo ni ya kisu na msasa tu. Na hapa kuna mtego kwa watu wa Pwani: pale Mombasa au Dar mafundi wa boti za faiba wapo na rezini wanayo, lakini nyingi ni poliesta, na poliesta ina stairini ndani inayoyeyusha polistirini mbele ya macho yako. Petroli nayo inaiyeyusha. Tumia epoksi, tena ile iliyotajwa kwenye plani, sio ile ya kubandikia vitu vya nyumbani.

Epoksi inapimwa kwa mizani, mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha. Kila aina ina kipimo chake, kwa mfano MGS L285 ni gramu 100 za rezini kwa gramu 40 za hadena (ile ya kuigandisha), nyingine ni tofauti kabisa. Ukiongeza hadena ukidhani itakauka haraka utapata kitu laini ambacho hakitakauka vizuri milele. Changanya dakika mbili nzima, kwangua pembeni na chini ya kikombe, na usichanganye zaidi ya gramu 200 kwa mara moja, maana epoksi ikikaa nyingi kikombeni inajipasha moto yenyewe hadi inatoa moshi. Hali ya hewa nayo: karibu nyuzi joto 25 za Selsiasi ni raha. Mimi niko Houston na kiangazi hapa unyevu ni kama Dar wakati wa kaskazi, kwenye hali hiyo baadhi ya epoksi zinatoa utando wa mafuta juu zikikauka, na tabaka linalofuata halishiki. Ukiuona utando osha na maji ya uvuguvugu, kausha, afu piga msasa. Usianze na msasa, utausukumia ndani.

Ngozi yako wewe pia ichunge. Epoksi inaleta aleji taratibu, mtu anafanya kazi muda mrefu bila shida afu siku moja mikono inavimba na hawezi tena kukaa nayo chumba kimoja. Glavu za naitrili, badilisha kila zikichafuka, mikono mirefu, na usinawe epoksi kwa asetoni maana inaisafirisha ndani ya ngozi, tumia siki au sabuni. Wakati wa msasa vaa barakoa ya vumbi iliyo nzuri, vumbi la kioo sio la kuvuta.

Haya, meza. Faibaglasi inakauka kwenye umbo uliloishikilia, ikikauka imepinda imepinda moja kwa moja, huwezi kuinyoosha baadaye. Tengeneza meza iliyonyooka kwa plaiwudi nene au MDF, ipime kwa pimamaji kila upande na uzi uliovutwa kukatisha pembe kwa pembe. Ukishaweka spaa na povu juu yake, pima nyuzi za mwinamo mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, vipimo viwe sawa. Tofauti ya nusu digrii ni kubwa, rudi urekebishe kabla ya kuchanganya rezini. Elevata iliyojikunja itakuvutia ndege upande mmoja kila siku.

Spaa ya elevata na sehemu za bawaba zinakuja kabla ya povu. Bolti haipiti kwenye povu, ukiikaza povu linabonyea na bolti inalegea, so mahali pa kila bawaba unaweka kipande cha plaiwudi ya ndege au kile plani inachosema, kimegundishwa kwenye spaa kwa epoksi na floksi, yaani epoksi iliyochanganywa na nyuzi fupi za pamba hadi isimame yenyewe kwenye kijiti. Mabano ya aluminiamu yapige msasa wa 220, futa na asetoni, paka epoksi hapohapo kabla aluminiamu haijaanza kutengeneza kutu yake isiyoonekana. Plani yangu haina kaboni hapa na ningekushauri usiiongeze kwa mapenzi tu, kaboni ikigusana na aluminiamu inaila kwa kutu, na kama antena imefichwa mkiani itaziba mawimbi.

Mstari wa bawaba ndo kipimo kikubwa kuliko vyote. Pitisha fimbo moja ndefu ya chuma iliyonyooka kwenye matundu ya bawaba zote kwa pamoja, bawaba za elevata na za stabilaiza (sehemu ya mkia isiyosogea), wakati gundi bado mbichi. Fimbo izunguke kwa vidole viwili bila kukwama, na iachwe humo hadi gundi ikauke. Bawaba tatu ambazo hazipo kwenye mstari mmoja zitafanya elevata ikaze katikati ya mwendo, na watu wakiona inakaza wanapanua tundu, sasa umepata mchezo, na mchezo ni rafiki wa flata.

Ndo sasa povu. Ligundishe kwenye spaa kwa epoksi yenye maikro, ile unga mweupe wa vipovu vidogo vya kioo, ambayo ni nyepesi. Sio floksi hapa, floksi ni nzito na povu halihitaji nguvu hiyo. Weka violezo vya umbo la elevata huku na huku, vya plaiwudi nyembamba, afu chukua ubao mrefu kuliko mikono yako miwili, ubandike msasa wa 60, na piga msasa ubao ukiwa umelala kwenye violezo vyote viwili. Ubao mfupi unachimba mabonde ambayo huyaoni ila rangi ikishapakwa yanaonekana yote, na kila bonde ni filler ya kulijaza, na filler ni uzito. Acha povu chini kidogo ya kiwango cha mwisho kwa unene wa ngozi itakayokuja.

Ukingo wa nyuma nautilia mkazo kwa sababu uko mbali kuliko vyote na bawaba. Usiujaze floksi. Njia nzuri ni hii: weka ngozi ya upande wa kwanza, iache ipite ukingo kidogo, ikishakauka geuza, na upande wa pili ondoa povu kwenye ukanda wa sm 2.5 hivi mwishoni hadi ufike kwenye kioo cha ngozi ya kwanza. Ngozi ya pili ikija inalala kioo kwa kioo kwenye ule ukanda, pande mbili zinashikana zenyewe, ukingo unakuwa mwembamba, mgumu na mwepesi. Ili ule ukanda uwe tayari kushika, kabla ya kuweka ngozi ya kwanza lalisha kipande cha pilplai, kitambaa kinachobanduliwa epoksi ikishakauka, juu ya povu pale, ukishaondoa povu unakibandua unapata sehemu safi yenye kukwaruza bila msasa mwingi.

Siku ya kuweka kioo panga kila kitu kabla, maana ukishachanganya hakuna kutafuta mkasi. Kitambaa kikate kwa pembe ya digrii 45 na mstari wa bawaba kama plani inavyotaka kwa ajili ya kuzuia kujikunja, na ukikikata hivyo kinacheza sana, so bandika masking tepu kwenye mistari ya kukata, kata katikati ya tepu, kizungushe kwenye mrija wa karatasi ngumu. Pima uzito wa kitambaa kabla hakijalowa na uandike. Hicho ndo kipimo cha rezini yako, uzito uleule plus kidogo cha kubaki kikombeni, na ukimaliza hicho kikombe jiulize mara mbili kabla ya kuchanganya kingine.

Povu livute vumbi lote kwa mashine, usipulize. Paka uji wa maikro, nusu kwa nusu kwa ujazo na epoksi, ujaze vile vishimo vya povu kisha ukwangue hadi karibu uone rangi ya povu tena, la sivyo povu litanywa rezini safi ambayo ni nzito. Fungua kitambaa juu yake, kinyooshe kwa vidole toka katikati kwenda pembeni, mimina rezini kidogokidogo, igonge kwa brashi iliyokatwa fupi, afu pitisha skwiji (kikwangulio) ya plastiki ikiwa imelala, sio imesimama. Angalia kwa tochi toka pembeni. Weupeweupe ni hewa au sehemu kavu. Sehemu inayong'aa bapa, umaji umekaa juu, hapo kuna rezini nyingi, kitambaa kinaelea. Iliyo sawa unaona mfumo wa nyuzi wazi, kila uzi unaupapasa kwa glavu, rangi imekuwa ya kupenya mwanga, na skwiji ikipita haibebi wimbi la rezini mbele yake. Kaa hapo na tochi, hii dakika kumi ya kuangalia ndo inakupa elevata nyepesi.

Malizia na pilplai kwenye ngozi yote kama una ya kutosha, inanyonya ziada na inakuachia uso wa kushika rangi. Kama hunayo ya kutosha, weka angalau kwenye kingo ambako ngozi ya pili itapanda juu, upana sm 5 upande wa mbele.

Saa chache baadaye, muda unategemea hadena yako na joto, epoksi inafika mahali ukibonyeza kwa kucha inaacha alama lakini hainati. Hapo chukua wembe mpya ukate ziada pembeni, inakatika laini kabisa. Ukichelewa hadi kesho yake utatumia msumeno na utakula vumbi.

Usitoe kipande mezani ukafurahi, geuza kwenye vishikio vyenye umbo lake, pima mwinamo upya, fanya upande wa pili. Kipande chenye ngozi upande mmoja tu kinapindika kirahisi sana.

Ikishakauka gonga kote na sarafu. Mlio mkali ni salama, mlio mzito uliokufa ni ngozi imeachana na povu. Kipovu kidogo sana cha hewa unatoboa na drili ndogo unaingiza epoksi kwa sindano, ila eneo kubwa, au chochote karibu na bawaba au kwenye ukingo wa nyuma, fuata plani, na kama plani inasema kata, kata. Maoni yangu ni kwamba ukiwa na shaka na elevata jenga nyingine. Material ya elevata moja ni pesa ndogo ukilinganisha na ndege yote, na muda unaotumia kuilazimisha ingekuwa imeshatoka mpya.

Ipime sasa, kabla ya filler. Andika kulia na kushoto, zisiachane sana. Filler ni maikro kavu, nzito kwa mkono lakini nyepesi kwenye mizani, pakaza mara moja nyembamba kwa ubao mrefu, ukwangue karibu yote. Ukiona nyuzi za kioo zinageuka kuwa vumbi jeupe lenye manyoya, simama, umeshaanza kula ngozi. Rangi iwe nyeupe, jua la mchana juu ya rangi nyeusi linapasha ngozi hadi epoksi inaanza kulainika, na hilo ni kweli Texas na ni kweli Dodoma.

Kusawazisha kunafanywa baada ya rangi, sio kabla. Ning'iniza elevata kwenye bawaba zake kwa fimbo nyembamba iliyonyooka, bila waya wala kamba yoyote iliyoshikana nayo, feni zima, milango funga. Plani itasema inatakiwa ikae usawa, au pua yake iwe nzito kiasi gani. Ongeza vipande vya risasi kwa tepu sehemu ya mbele hadi ikae inavyotakiwa, afu toa, pima, ndo utengeneze kipande chenyewe. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, fanya nje, mbali na watoto na vyombo vya chakula, na usiimimine kwenye kitu chenye unyevu maana inaruka. Kipande kishikwe kwa bolti pamoja na floksi, gundi peke yake haitoshi, uzito huo unatikiswa mwaka mzima na ukichomoka hewani uko kwenye ile hali niliyoeleza mwanzo.

Ukifunga kwenye ndege, sukuma elevata mwendo wote juu na chini, isikilize, isiguse stabilaiza popote, ifike kwenye vizuizi vyake kabla waya haujabana. Shika ncha uitikise kwa vidole, kukiwa na mlio wa tik tik tafuta unatoka wapi. Kwenye majaribio ya kuruka, Marekani ni saa 25 au 40 kutegemea injini na propela, spidi inapandishwa kidogokidogo, hakuna kukimbilia spidi ya mwisho ya kwenye plani.

Andika kwenye daftari uzito wa kila nusu na uzito wa risasi yake. Ukija kupaka rangi upya miaka ijayo, au ukipiga kiraka nyuma ya bawaba hata kidogo tu, ishushe elevata uining'inize upya kwenye fimbo ulinganishe na hizo namba kabla ndege haijatoka nje.